Nani Alale, Nani Akae Macho Kwenye Simu Yako

Dereva wa bajaji ya pembeni alisema, "Abiria yuko Barakuda huyo," akawasha injini akaondoka. Shemeji yangu akaitazama simu yake iliyobanwa kwenye usukani. Kimya.

Walikuwa kijiwe kimoja, Tabata, na laini za mtandao uleule na programu ileile ya kuitia usafiri. Mimi nilikuwa siti ya nyuma nikisubiri mvua ipungue anirudishe nyumbani. Muda wote huo niliona wenzake wakiitwa mmojammoja, yeye amebaki anasugua kioo cha simu kwa pindo la shati.

"Simu ina gundu hii, shem," akaniambia.

Kisha akafanya jambo ambalo bila shaka na wewe unalifanya. Akabonyeza alama ya mraba chini ya kioo, kadi za programu zikajipanga, akaanza kuzifagia kwa kidole gumba. WhatsApp juu. Ramani juu. Redio juu. Ya mwisho ikawa hiyohiyo programu ya abiria, nayo juu. Hakuishia hapo. Akafungua programu ya kusafisha simu, roketi ikapaa na moshi wake, maandishi ya kijani yakampongeza kwamba RAM, ile sehemu ambamo programu zilizo kazini hukaa, imeachiwa nafasi. Akarudi kuifungua upya ile ya abiria. Ikazunguka. Ikazunguka.

"Unafanya hivyo kila saa?"

"Kila ikiwa nzito. Naipunguzia mzigo."

Mvua ikakatika, tukaondoka. Lakini ile roketi haikunitoka kichwani kwa wiki kadhaa.

Tulikofundishwa kufagia

Mazoea haya yana asili yake, na wala si ujinga. Simu ya kwanza ya Android iliyoingia sokoni mwaka 2008 ilikuwa na RAM ya MB 192. Ideos ya Huawei, ile iliyofika Kenya mwaka 2011 na kuwapa watu wengi simu janja yao ya kwanza kwa kama shilingi 8,000 za kule, ilikuwa na MB 256. Kwa kipimo hicho, ukifungua Facebook na redio kwa pamoja simu inasimama. Ndipo zikashamiri programu za kuua programu nyingine. Fundi akikuuzia simu anakuwekea na hiyo, pamoja na wosia: kila ukimaliza kutumia, safisha.

Simu zikabadilika. Wosia tukaendelea nao.

Wenyewe wanaotengeneza mifumo hii walikwisha kulisemea. Steve Jobs wa Apple, alipoitambulisha iOS 4, mfumo wa iPhone, mwaka 2010, alisema ukiona mtu amewekewa sehemu ya kusimamia programu zinazoendelea, ujue waliotengeneza wamevurunda. Machi 2016 mteja mmoja alimwandikia Tim Cook, aliyekuwa bosi mkuu wa Apple, kumuuliza kama yeye hufunga programu mara kwa mara, na kama kuna haja kwa ajili ya betri. Jibu lilitoka kwa Craig Federighi, mkuu wa programu pale Apple: hapana, na hapana. Siku zilezile Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa anaongoza Android kule Google, naye akaulizwa. Akasema kufagia kunaweza hata kuzidisha kidogo ulaji wa betri, kwa kuwa mfumo una hesabu zake na wewe unaziingilia.

Nilipoyasoma hayo nilitaka kumpigia shemeji papo hapo nimwambie aache. Nikasita.

Mabwana hawa wanashika simu za bei gani?

Simu ya GB 2

Kwanza jaribu hili wewe mwenyewe. Zima simu kabisa, iwashe, na kabla hujafungua chochote bonyeza ule mraba. Kwenye simu nyingi utazikuta kadi zilezile za jana, zimejipanga kama ulivyoziacha. Simu ndiyo kwanza imewaka, na programu nyingi kati ya hizo hazijaanza kufanya kazi yoyote. Zile kadi ni orodha ya mahali ulikopita tu.

Kazi yenyewe inafanyika kwingine. Android imejengwa juu ya Linux, mfumo wa kompyuta, na humo ndani kila programu iliyo hai ina alama yake. Unayoitazama sasa hivi ina alama ndogo kabisa. Inayokupigia muziki inafuata. Uliyoiacha tangu asubuhi, alama yake inapanda. RAM ikibana, mfumo unaanza kuua wenye alama kubwa, unashuka hivyo hivyo mpaka nafasi itoshe. Hata kabla ya kuua unajaribu kukamua: yale ambayo hayajaguswa muda mrefu yanabanwa yakae kwenye nafasi ndogo. Matoleo ya karibuni yana na kugandisha, yaani programu imo kwenye RAM lakini haipewi hata sekunde ya prosesa, ule ubongo wa simu. Kwa hiyo RAM kujaa si hoja. Inakula umeme karibu uleule ikiwa imejaa au iko tupu.

Gharama iko kwenye kuanza upya. Kuifagia programu ambayo utaifungua tena baada ya dakika kumi ni kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, ukalimwagia maji, kisha ukakumbuka kuna mgeni.

Hapo ndipo wataalamu wanapoishia. Shemeji anaanzia hapo.

Simu yake ina GB 2 za RAM, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kilichowekwa kwa Android 13 toleo la Go, lile la simu ndogo. Mfumo wenyewe pamoja na vikorokoro vilivyokuja na simu vinakalia sehemu kubwa ya hizo GB 2 kabla hajagusa kitu. Akifungua ramani, programu ya abiria inasukumwa nje. Akirudi kwa abiria, ramani inakufa. Kila kimoja kinaanza upya kila mara, afagie asifagie. Na akifagia, simu kweli inapumua kwa dakika chache. Anachokiona kipo. Ukimwambia "Apple wamesema hapana" atakucheka, na atakuwa na haki.

Nikabaki nimekwama hapo kwa muda. Kilichonikwamua ni kitu kisichohusiana na RAM hata kidogo.

Jumapili alikuja kula nyumbani, nikaiomba simu. Hifadhi yake, ile ya picha na mafaili, ilikuwa imejaa pomoni. Simu yenye hifadhi iliyojaa hivyo inakuwa nzito kwa kila jambo, kwa sababu kila programu inahitaji mahali pa kuandika vitu vyake vidogo vidogo na inahangaika kutafuta. Tukaingia kwenye mafaili ya WhatsApp. Video za kamati ya harusi ya mwaka juzi. Harusi imepita, mtoto amezaliwa, video za kuchangisha kadi bado zimo. Tukafuta kwa uchungu kidogo (alitaka kubakiza ile ya MC). Tulipomaliza, simu iliitika tofauti kabisa, na hakuna roketi iliyoruka.

Kuhusu hiyo roketi: tangu Android 14 ya mwaka 2023, programu ya kusafisha uliyoipakua mwenyewe haina tena uwezo wa kuua michakato ya programu nyingine. Inaweza kuua ya kwake tu. Ya shemeji ilikuwa imekuja na simu kutoka kiwandani, hiyo ina ruhusa za kwake na inaua kwelikweli.

Inaua bila kuchagua.

Kilichomnyima abiria

Nilichokuwa nakitafuta tangu siku ya mvua ni kwa nini mwenzake anaitwa na yeye haitwi. Nilidhani jibu litakuwa programu nyingi mno zinazoendelea chinichini. Likawa kinyume chake: ile moja iliyotakiwa kubaki macho ilikuwa inalazwa.

Ujumbe unaofika kwenye simu haungojewi na kila programu kivyake. Kwenye simu nyingi za Android kuna njia moja ya Google inayokaa wazi kwa niaba ya wote, na iPhone ina ya Apple. Ndiyo maana meseji ya WhatsApp inakufikia hata kama WhatsApp yenyewe imelala. Mlango ni mmoja, mgeni akifika ndipo mwenyewe anaamshwa. Lakini kuna usingizi wa namna mbili. Programu iliyouawa na mfumo kwa sababu ya RAM inaweza kuamshwa. Programu iliyosimamishwa kwa nguvu haiamshwi na chochote: ujumbe haiupati, kengele yake hailii, mpaka mwenye simu aiguse kwa mkono wake. Na kwenye simu za baadhi ya watengenezaji, kuifagia kadi ni sawa na kuisimamisha kwa nguvu. Kidole kilekile kwenye simu mbili tofauti kinafanya mambo mawili tofauti, na hakuna mahali palipoandikwa.

Juu ya hapo pana mpangilio mzima wa kulaza. Mwaka 2015 Android 6 ilileta utaratibu wa kuilaza simu iliyotulia mezani kioo kikiwa kimezimwa: mtandao unafungwa, kazi zote zinasubiri kidirisha kifupi cha kupumulia. Mwaka uliofuata ukapanuliwa hadi simu iliyo mfukoni mwa mtu anayetembea. Mwaka 2017 Android 8 ikazibana programu zinazotaka kufanya kazi nyuma bila kuonekana, ikiwa ni pamoja na kuchungulia mahali ulipo. Mwaka 2018 Android 9 ikaanza kuzipanga programu kwa madaraja kulingana na unavyozitumia, kwa teknolojia ya mashine kujifunza yenyewe, iliyotengenezwa pamoja na DeepMind, kampuni ya akili bandia ya familia ya Google. Unayoifungua kila siku iko daraja la juu. Unayoigusa mara moja kwa wiki inashushwa, na haki zake za kuamka zinapungua.

Hayo yote nayaelewa, na kwa kiasi kikubwa ndiyo yanayofanya simu ilale na chaji usiku. Kinachonikera ni tabaka la juu yake, lile ambalo kila kiwanda kinajiongezea ili kiandike kwenye boksi kwamba betri inadumu siku mbili. Watengenezaji wa programu wamelilalamikia kwa miaka. Waundaji wa programu ya Sleep as Android, kengele ya usingizi ambayo maana yake yote ni kukaa macho usiku, walifungua tovuti nzima inayoitwa Don't Kill My App. Wamepanga humo viwanda vya simu kwa ukali wa kuua, na maelekezo ya kujinasua kwa kila kimoja.

Fikiria ni nani anayeumia. Programu kubwa zinazojulikana duniani kote ndizo ambazo kiwanda kinazichunga zisife, maana WhatsApp ikichelewa kuleta ujumbe mteja atarudisha simu dukani. Nani atarudisha simu kwa sababu adhana ya alfajiri haikulia? Au kwa sababu kikumbusho cha dawa ya presha kilichotengenezwa na kijana mmoja wa Kijitonyama kilikaa kimya? Mtu atasema programu ni mbovu, ataifuta, ataipa nyota moja. Kijana hatajua kamwe kilichomuua.

Programu ya dereva inatakiwa ijue bajaji iko wapi kila dakika, kwa hiyo inaweka arifa ya kudumu juu ya kioo, ile inayosema uko kazini. Hiyo arifa ndiyo inayouambia mfumo kwamba hapa kuna kazi inaendelea, usiniguse. Shemeji alikuwa anaiona uchafu.

Kwa hiyo tulifanya nini? Mipangilio, kisha Programu, kisha ile ya abiria, kisha Betri, tukaitoa kwenye uamuzi wa mfumo tukaiweka isiwekewe vizuizi. Simu yake ina na ukurasa wa pembeni, uliofichwa ndani ya programu ya kusafisha, unaochagua nani anaruhusiwa kujiwasha mwenyewe. Huko nako tukaiwasha. Mwisho, kwenye zile kadi, tukaishikilia ya abiria mpaka ikatoa kufuli dogo, tukaifunga. Akifagia sasa, hiyo inabaki.

"Tuifanyie na TikTok," akasema.

Nikakataa.

Nisikudanganye kwamba amekuwa tajiri. Kuitwa kunategemea uko karibu kiasi gani na abiria, na mambo mengine ambayo kampuni inayajua yenyewe. Lakini hatoweki tena hewani katikati ya kazi. Bei yake ameilipa kwa betri: alasiri simu inakuwa hoi, maana kifaa cha kupima mahali na kioo kilichowaka juani ndivyo walaji wakubwa, na hakuna kufagia kunakopunguza hilo. Fundi wa kijiweni amemtolea waya wa chaji kutoka kwenye betri ya bajaji.

Bando nalo

Siku ileile tulifungua ukurasa wa matumizi ya data. Watu wengi wanaujua lakini hawaendi mbele zaidi ya ile jumla ya juu. Gusa programu mojamoja. Android itakugawia: kiasi hiki kimetumika ukiwa unaitazama, kiasi hiki kimetumika chinichini. Safu ya pili ndiyo ya kusoma.

Programu ya abiria, aliyokuwa anaishuku kuliko zote, ilikuwa inakula kidogo tu. Kupima mahali kunachosha betri, lakini kutuma namba chache za mahali ulipo hakuchukui data ya maana. Walaji walikuwa watatu. WhatsApp, ikijipakulia yenyewe kila picha na kila video ya makundi hata yale asiyoyasoma. Duka la programu, likisasisha programu kwa mtandao wowote unaopatikana, ikiwemo michezo ya mtoto. Na picha, zikijipandisha zenyewe kwenda kuhifadhiwa mtandaoni kila akipiga picha ya risiti ya mafuta.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa anaguswa na kufagia. Video zinapakuliwa WhatsApp ikiamshwa na ujumbe. Sasisho linaendeshwa na mfumo. Mtu anafagia kadi, anaona kioo cheupe, bando linaendelea kuvuja.

Dawa zake ni fupi. WhatsApp ina sehemu yake ya hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye kujipakulia unapotumia data ya simu. Duka la programu, liambie Wi-Fi tu. Picha vilevile. Na tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna Kiokoa Data, ambacho kinazuia programu zote zisiguse data ya simu zikiwa chinichini isipokuwa zile ulizozitaja wewe. Shemeji ana mbili: ya abiria na WhatsApp. Nashangaa kitufe hiki hakisemwi kwenye matangazo ya vifurushi, halafu sishangai.

Kompyuta ni kichwa kingine cha maumivu, kwa sababu yenyewe inaamini iko Ulaya. Ukiiunganisha na hotspoti ya simu inaona Wi-Fi, na Wi-Fi kwake ni mto usiokauka. Inaanza kushusha masasisho, kusawazisha mafaili, kupandisha picha. Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikuja na jambo la ajabu zaidi: sasisho ulilokwisha kulishusha, kompyuta yako iliweza kuwagawia watu wengine usiowajua kupitia intaneti, kwa bando lako, na kwa matoleo ya kawaida hilo lilikuwa limewashwa tayari. Wewe unanunua GB kwa siku, unamsaidia mtu Poland kusasisha.

Kitufe kipo tangu Windows 8. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua hiyo hotspoti yako, uutangaze kuwa ni muunganisho unaopimwa. Kuanzia hapo masasisho mengi yanasubiri na ugawaji unakoma. Ukiwa hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uingie ukurasa wa programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Kwenye laptopu za ofisini nimekuta humo programu ya printa iliyotupwa zamani, programu mbili za mikutano ambazo hakuna anayezitumia tena, na mchezo. Sitaki kujua wa nani. Zima, anzisha upya, utaona tofauti kwenye kuwaka kwake.

Za antivirusi na za padi ya kugusa ziache.

"Hii ni GB 8, dada"

Shemeji anataka simu nyingine, na safari hii alinivuta Kariakoo. Kwenye boksi imeandikwa RAM GB 8 kwa herufi kubwa. Bei inavutia mno kwa GB 8.

"RAM ya kweli ngapi?" nikauliza.

Muuzaji akacheka. "Nne. Na nne za kuongezea."

Hizo nne za kuongezea ni hifadhi ya kawaida, ile ya picha, inayokatwa kipande ili programu zilizolala zisukumiwe huko badala ya kuuawa. Si uongo mtupu. Zinasaidia programu uliyoiacha isianze moja, lakini hifadhi ni ya polepole sana kuliko RAM, na kwenye simu ya bei ndogo polepole hiyo unaiona kwa macho. Kwenye boksi jumla inaandikwa kwa herufi kubwa, mgawanyo wake kwa herufi unazozihitaji miwani. GB 4 halisi zinatosha kwa kazi yake, ramani na abiria zitakaa pamoja bila kuuana. Tukaulizia bei ya hiyohiyo kama GB 4. Haikushuka. Anasubiri zamu yake ya kijumbe.

Ile ambayo haimo kwenye kadi

Siku ile ya Jumapili, baada ya betri na data, tulipita ukurasa wa ruhusa. Nani anaona majina kwenye simu, nani anaona mahali, nani anaona picha. Sikutegemea kitu. Tukakutana na programu ya mikopo.

Aliipata kwa kiungo alichotumiwa kwenye meseji, akakopa, akalipa, akaisahau. Haikuwa kwenye kadi. Haikuwa inakula betri. Kwenye data ilikuwa mkiani kabisa. Kwa vipimo vyote ambavyo watu wanatumia kusema simu ni safi, hii ilikuwa safi. Na ilikuwa na ruhusa ya majina yote: la mama yake, la bosi mwenye bajaji, langu.

Hapo ndipo maana ya chinichini ilipobadilika kichwani mwangu. Wiki zote hizo nilikuwa nawaza RAM na chaji. Programu ya namna hii haina haja ya kukaa macho. Inatosha iamke mara moja, siku ile ulipobonyeza Ruhusu ukiwa na haraka ya pesa, ichukue orodha, ilale. Siku ukichelewa kulipa, orodha haiko tena kwenye simu yako, iko kwao, na watu wako wanaanza kupigiwa.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Google kwa upande wake ilikwisha kuzikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha, tangu mwisho wa Mei 2023. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ni ya mwaka 2022. Lakini iliyokuja kwa kiungo cha meseji haikupita dukani, kwa hiyo masharti ya duka haiyajui. Kitu kimoja kinasaidia kidogo: kuanzia Android 11 mfumo unaweza kuinyang'anya ruhusa programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa. Ya shemeji alikuwa anaifungua mara mojamoja, kuangalia kama kiwango chake cha kukopa kimepanda.

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuondoa.

"Shem, hiyo iache kwanza."

"Kwa nini?"

"Hesabu ya bosi ya Jumamosi haijatimia."

Tukaizimia ruhusa zote, ya majina, ya picha, ya mahali, programu yenyewe ikabaki. Akaifungua kuhakikisha inafanya kazi. Ikagoma. Ikaandika kwamba haiwezi kuendelea mpaka irudishiwe majina.

Akaifuta mwenyewe, kwa hasira. Hesabu alikwenda kukopa kwa mama yake, yaani mama mkwe wangu. Akapewa yote bila riba, na kabla ya saa mbili usiku ukoo mzima ulikuwa na habari.